Wavuvi wa Kijapani wa Steveston na serikali ya Kanada wakati wa vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapozungumzia Wajapani walioondolewa pwani ya Kanada mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maswali huwa yale yale, na la kwanza huja na jibu lake ndani: "Si ilikuwa vita?" Ilikuwa vita, ndiyo. Lakini ukiacha hotuba za wanasiasa ukafuata habari za boti na leseni, unakuta kazi ya kuwatoa baharini ilianza miaka ishirini kabla ya bomu la kwanza. Majibu yaliyo hapa chini yanafuata boti.

Hao wavuvi walikuwa akina nani?

Wengi walitoka kijiji kimoja. Mio ni kijiji cha pwani katika mkoa wa Wakayama, Japani, na mwaka 1888 mtu wa huko aitwaye Gihei Kuno alifika kwenye mlango wa mto Fraser, jimbo la British Columbia, akakuta samoni wanapanda mto kwa wingi asioweza kuusimulia akaaminika. Akawaita wenzake. Ndugu akamwita ndugu, jirani akamvuta jirani, mpaka kule Mio kijiji kikapachikwa jina la Amerika-mura, yaani kijiji cha Amerika, kwa ajili ya fedha na nyumba za mtindo wa kigeni zilizotoka ng'ambo. Mjapani wa kwanza kabisa kujulikana Kanada, Manzo Nagano, alikuwa ameshatua Kanada tangu 1877 na yeye pia alivua samoni mto huo huo.

Steveston, mji mdogo kwenye mlango wa mto huo wa Fraser, ndiyo iliyokuwa makao yao makuu. Viwanda vya kusindika samoni wa makopo vilipangana kandokando ya maji. Wanaume walivua kwa jarife, wanawake walikata na kuosha samaki viwandani, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Walijijengea hospitali yao wenyewe kupitia chama cha wavuvi, na mafundi wao waliunda boti ambazo hata wavuvi Wazungu walizitamani.

Kwani walikuwa wageni au raia?

Wakati vita inaanza, Wajapani wa Kanada walikuwa kama 22,000, karibu wote British Columbia, na robo tatu yao walikuwa raia, ama kwa kuzaliwa ama kwa kuandikishwa. Leseni ya uvuvi yenyewe ilidai uwe raia, kwa hiyo mvuvi wa Kijapani alikuwa karibu kila mara na cheti cha uraia kabatini.

Uraia huo lakini ulikuwa na tundu. Sheria ya jimbo ya mwaka 1895 iliwanyima kura. Tomekichi Homma, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wavuvi wa Steveston, aliomba jina lake liingizwe kwenye daftari la wapiga kura, akakataliwa, akaenda mahakamani. Alishinda katika mahakama za Kanada. Jimbo likakata rufaa mpaka Baraza la Faragha huko London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Kanada, na mwaka 1902 London ikasema jimbo lina haki ya kumnyima. Mtu asiye na kura hana mbunge wa kumwogopa, na hilo lilionekana kila mara leseni zilipojadiliwa.

Je, serikali iliwageuka baada ya Japani kuipiga Pearl Harbor, kambi ya Marekani huko Hawaii, tu?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa.

Mwaka 1919 Wajapani walikuwa na leseni zaidi ya 3,200, karibu nusu ya zote za samoni. Wavuvi Wazungu walilalamika, na mwaka 1922 serikali kuu ikaunda tume iliyoongozwa na mbunge William Duff. Tume haikuchunguza kama samaki wanapungua. Ilipendekeza leseni za Wajapani zipunguzwe asilimia 40, na kufikia 1925 karibu leseni 1,000 zilikuwa zimeondoka. Wizara ya uvuvi haikuficha shabaha: kuwaondoa kidogo kidogo mpaka waishe.

Kaskazini, kwenye mto Skeena, waliongezewa kero ya pekee. Wavuvi wengine waliruhusiwa injini, Mjapani alikatazwa. Basi yeye alivua kwa makasia na tanga, akitazama boti za wenzake zikimpita zikinguruma kwenda kutega kwanza mahali penye samaki. Aliyewahi kuvuta kasia dhidi ya mkondo hahitaji maelezo zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mvuvi aitwaye Jun Kisawa akachoka. Aliwasha injini kwa makusudi, akakamatwa, kesi ikaenda, na katazo likaanguka. Chama cha wavuvi nacho kilipeleka suala la leseni mahakama za juu, na mwaka 1929 Baraza la Faragha, lile lile lililomwangusha Homma, likasema waziri hana mamlaka ya kumnyima leseni mtu mwenye sifa kwa sababu ya asili yake. Upunguzaji ukasimama. Leseni zilizokwisha kuchukuliwa hazikurudi.

Kwa hiyo Desemba 1941 ilipofika, walikuwepo watu waliokuwa wamesubiri miaka kumi na mbili wapate mlango mwingine wa kuingilia.

Boti zilichukuliwa vipi?

Japani ilipiga Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na Kanada ikatangaza vita siku hiyo hiyo. Tangu miezi ya Machi hadi Agosti mwaka huo polisi walikuwa wameshawaandikisha watu wote wa asili ya Kijapani waliozidi miaka 16 na kuwapa kadi zenye picha na alama ya kidole: nyeupe kwa mzaliwa wa Kanada, ya waridi kwa aliyeandikishwa uraia, njano kwa raia wa Japani. Orodha ilikuwa tayari mezani.

Watu 38 walikamatwa mara moja. Magazeti na shule za Kijapani zikafungwa. Na boti zote za uvuvi, karibu 1,200, zikaamriwa kusimama. Hakuna aliyeuliza boti ni ya mtu mwenye kadi nyeupe au ya njano.

Jeshi la majini ndilo lililozikusanya. Boti za Skeena na Prince Rupert zilifungwa kamba, moja nyuma ya nyingine, zikaburutwa kwenda kusini kwenye bahari ya majira ya baridi kwa siku nyingi, wenyewe wakiwa ndani wameshika usukani. Walipeleka mali yao kizuizini kwa mikono yao. Mwisho wa safari ulikuwa Annieville, jirani na mji wa New Westminster, kwenye mto Fraser. Pale zilibananishwa ubavu kwa ubavu kwa mamia.

Mtu wa pwani anajua kinachofuata. Chombo cha mbao hakiachwi. Maji ya pale hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Boti zilisuguana, mbao zikapasuka, mvua ikajaa kwenye ngama na hakuna wa kukumba maji. Kadhaa zilizama zikiwa zimefungwa. Vifaa vikaibwa: betri, kamba, dira. Mwenye boti alikuwa kilomita chache tu kutoka hapo, lakini hakuruhusiwa kwenda kuikagua.

Kisha zilikwenda kwa nani?

Januari 1942 serikali iliunda Kamati ya Kuuza Boti za Uvuvi za Wajapani, chini ya Jaji Sidney Smith. Ilikuwa na wajumbe watatu, mmoja wao Mjapani: Kishizo Kimura, mfanyabiashara wa samaki. Nimemfikiria sana mtu huyu. Akikataa, kamati inaendelea bila sauti yoyote ya upande wao. Akikubali, wenzake watamwona ameketi meza moja na wanaowauza. Alikubali.

Mwanzoni wenye boti walitakiwa kukubali wenyewe kuuza au kukodisha. Kukubali huko kulikuwa kwa jina. Ulikuwa na boti inayooza mtoni, huna leseni, huna njia ya kuifikia, na unaambiwa wiki ijayo utahamishwa. Mnunuzi anajua hayo yote anapotaja bei. Baadaye mwaka huo zilizobaki ziliuzwa bila kumwuliza mwenyewe. Makampuni ya makopo yalinunua, wavuvi wengine wakanunua.

Kulikuwa na haraka pia. Mwaka 1942 ulikuwa mwaka wa neema kwenye mto Fraser: samoni wekundu wanaozaliwa mto Adams hurudi kwa wingi mkubwa kila baada ya miaka minne, na huo ulikuwa mwaka wao. Uingereza ilihitaji samaki wa makopo. Serikali ilitaka boti zile zivue kiangazi hicho, mikononi mwa watu wengine. Usalama wa taifa na faida ya soko vilipanda boti moja.

Lakini si kulikuwa na hofu ya kweli ya ujasusi? Mvuvi anaijua pwani kuliko mwanajeshi.

Swali la haki. Mvuvi anajua mikondo, miamba na mahali pa kufichia meli, na boti yenye injini inaweza kukutana na manowari usiku. Wananchi wa kawaida waliogopa kweli, hasa Hong Kong ilipoanguka siku ya Krismasi na askari wa Kanada wakatekwa huko.

Ila waliokuwa na kazi ya kujua hawakukubaliana na hofu hiyo. Wakuu wa jeshi huko Ottawa, mji mkuu, akiwemo Meja Jenerali Ken Stuart, hawakuona tishio. Polisi vilevile. Msukumo ulitoka kwa wanasiasa wa British Columbia, wa mbele akiwa Ian Mackenzie, waziri aliyetoka jimbo hilo. Na tarehe 4 Agosti 1944 Waziri Mkuu Mackenzie King mwenyewe alisimama bungeni akasema kwamba katika miaka yote ya vita hakuna mtu wa asili ya Kijapani aliyezaliwa Kanada aliyeshtakiwa kwa hujuma au kukosa uaminifu. Wakati anasema hayo, watu hao hao walikuwa bado kambini na boti zao zilikuwa zimeuzwa zamani.

Familia zilipelekwa wapi?

Kwanza waliondolewa wanaume raia wa Japani, kwa amri ya Januari 1942. Halafu tarehe 24 Februari ikatoka amri ya kumwondoa kila mtu wa asili ya Kijapani kwenye ukanda wa maili 100 kutoka pwani. Wengi walipitishia Hastings Park, uwanja wa maonyesho jijini Vancouver. Wanawake na watoto walilazwa kwenye mabanda ya mifugo, na walioishi humo husimulia harufu kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Kutoka hapo, wanaume wenye nguvu walipelekwa kujenga barabara milimani. Familia nyingine zilikubali kwenda mashamba ya biti za sukari Alberta na Manitoba, kwa kuwa huko zingekaa pamoja. Waliobaki walisambazwa kwenye miji ya machimbo iliyokufa ndani ya British Columbia: Greenwood, Kaslo, Sandon, New Denver, Slocan. Watu wengi wa Steveston waliangukia Greenwood. Mvuvi aliyezaliwa kwenye kelele za bahari alijikuta bondeni, theluji dirishani, akipasua kuni.

"Msimamizi wa Mali za Adui" ni nani?

Ni ofisi ya serikali inayoshika mali za watu wa nchi mnayopigana nayo. Wasomaji wa Tanzania wanaijua pengine bila kujua kwamba wanaijua: mashamba ya mkonge ya Wajerumani wa Tanganyika yalishikwa na ofisi ya aina hiyo baada ya Vita vya Kwanza, yakapigwa mnada, Wagiriki na Wahindi wakanunua, mwaka 1939 mchezo ukarudiwa.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Yule Mjerumani wa Tanga alikuwa raia wa Ujerumani. Mvuvi wa Steveston alikuwa raia wa Kanada, na ofisi iliyoundwa kwa ajili ya maadui ikachukua nyumba, shamba na cherehani yake. Mwanzoni aliambiwa mali inatunzwa tu. Januari 1943 amri mpya ikampa Msimamizi ruhusa ya kuuza bila idhini ya mwenyewe. Fedha zilizopatikana zilikatwa madalali na ada, na kilichobaki familia ilitakiwa kukila humo kambini kabla ya kupewa msaada wowote. Kwa maneno mengine, walijilipia kifungo.

Marekani ilifanya nini na wavuvi wake Wajapani?

Mfano wenye uchungu zaidi ni Terminal Island, kisiwa kwenye bandari ya Los Angeles. Watu kama 3,000 waliishi hapo, wengi asili yao mkoa ule ule wa Wakayama. Wanaume walivua jodari kwa fimbo za mwanzi na dagaa kwa nyavu. Nyumba zilikuwa mali ya viwanda vya makopo, na kila kiwanda kilikuwa na king'ora chenye mlio wake. Boti zikiingia, hata saa nane za usiku, mwanamke alisikiliza kama mlio ni wa kiwanda chake. Ukiwa wake, alivaa buti na kutoka.

Mapema Februari 1942 makachero wa shirikisho walizoa karibu wanaume wote wahamiaji wenye leseni za uvuvi. Tarehe 19 Rais Roosevelt akatia saini Amri ya 9066, iliyoliruhusu jeshi kuwaondoa watu pwani. Tarehe 25 jeshi la majini likabandika tangazo: saa 48, kisiwa kiwe tupu. Waliobaki nyumbani walikuwa akina mama, wazee na watoto, na wanunuzi waliingia na malori wakizunguka nyumba kwa nyumba. Jokofu, kitanda, nyavu za thamani ya boti nzima, vyote kwa bei ya kutupa. Nyumba zikabomolewa baadaye. Wengi waliishia kambi ya Manzanar, jangwani.

California haikuishia hapo. Mwaka 1943 ilipitisha sheria ya kuwanyima leseni za uvuvi wahamiaji Wajapani, na mwaka 1945 ikabadilisha maneno, ikasema "wasiostahili kupata uraia", ambao kwa sheria ya wakati ule walikuwa hao hao. Torao Takahashi, aliyevua kwa leseni tangu 1915 mpaka 1942, alirudi kutoka kambini akanyimwa. Alishtaki, na tarehe 7 Juni 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa ushindi, majaji saba kwa wawili.

Na kwingineko?

Hawaii, siku moja baada ya Pearl Harbor, ndege za Marekani zilizifyatulia risasi boti za wavuvi wa asili ya Kijapani zilizokuwa zinarudi kisiwa cha Oahu. Waliokuwamo walikuwa baharini vita ilipoanza na hawakuwa na habari. Baadhi yao waliuawa. Australia iliwafunga wazamiaji lulu wa Broome na Thursday Island pamoja na Wajapani wengine karibu wote nchini.

Walirudi baharini lini?

Waliruhusiwa kurudi pwani tarehe 1 Aprili 1949. Vita ilikuwa imekwisha miaka mitatu na nusu kabla. Katikati hapo serikali iliwataka wachague: kuhamia mashariki ya Milima ya Rocky au kwenda Japani. Karibu 4,000 walipelekwa Japani mwaka 1946, nusu yao na ushei wakiwa wamezaliwa Kanada. Watoto wa Steveston waliteremka kwenye nchi iliyokuwa na njaa, wakizungumza Kijapani cha babu zao.

Waliorejea Steveston walikuta nyumba zina watu wengine. Ajabu ni kwamba makampuni ya makopo, ambayo mengine yalinunua boti zile, ndiyo yaliyowakopesha boti na nyavu waanze upya. Kampuni inajua mvuvi mzuri akikosekana. Na mara hii walirudi wakiwa na kura.

Walilipwa fidia?

Mara mbili. Tume ya Jaji Henry Bird, iliyoanza 1947, ilitazama tofauti kati ya bei iliyouziwa mali na bei halali ya soko, basi. Misimu saba ya uvuvi iliyopotea haikuingia kwenye hesabu, wala leseni. Ililipa kama dola milioni 1.2 kwa wote. Tarehe 22 Septemba 1988, baada ya Art Miki na chama cha kitaifa cha Wajapani wa Kanada kugonga milango miaka mingi, Waziri Mkuu Brian Mulroney aliomba radhi bungeni na kila aliyekuwa hai akapewa dola 21,000. Mwaka 2022 jimbo la British Columbia likaongeza mfuko wa dola milioni 100. Mwanamume aliyekuwa na miaka 40 boti yake ilipofungwa Annieville angekuwa na miaka 86 au 87 mwaka 1988. Wengi hawakufika.

Nikienda Steveston leo, naona nini?

Gati bado lina boti, na samaki huuzwa juu yake hapo hapo. Kiwanda cha Gulf of Georgia, cha mwaka 1894, sasa ni makumbusho. Tembea mashariki kandokando ya mto ufike Britannia, kwenye karakana za zamani: nyumba ya familia ya Murakami imesimama juu ya nguzo zake, na karakana yao ya boti iko ubavuni, mahali fundi alipoweza kutoka kitandani akaingia kazini bila kukanyaga matope. Upande wa magharibi, Garry Point, kuna bustani yenye jina la Kuno. Na ukiwauliza watoto wenye mabegi mgongoni wanasoma wapi, wengine watakutajia shule ya msingi ya Tomekichi Homma.